Walinzi Wawili wa Kompyuta ya Ranchi

Ofisi ya Ranchi ya Mwalugha, ghorofani nyuma ya soko la Voi, ilikuwa na kufuli mbili mlangoni, chupa mbili za chai mezani na vitabu viwili vya wageni, na hakuna aliyeona ajabu. Wanachama waligawanyika tangu uchaguzi wa miaka sita nyuma, upande wa Mbololo na upande wa Ronge, na hakuna upande uliouamini mwingine hata kwa kijiko cha sukari. Ufunguo wa kufuli moja ulikaa kwa Mzee Mwandawiro wa Mbololo, wa pili kwa Mwalimu Sylus wa Ronge. Mmoja wao akichelewa asubuhi, ofisi haifunguki, na karani anabaki kwenye ngazi, mkoba magotini, akitazamwa na wauza nyanya.

Karani mwenyewe alikuwa Dinah. Watu wazima wenye akili zao walimpa kazi hiyo kwa sababu moja tu, kwamba hakuna upande uliompenda. Ronge walimwona ni damu ya Mbololo, maana Mwandawiro ni ndugu mdogo wa marehemu babake. Mbololo nao walimwona ameshapotea, kwa kuwa aliolewa na Mkamba, fundi wa umeme aitwaye Mwangangi. Mtu asiyependwa na yeyote, walisema, hatampendelea yeyote. Dinah alikubali kwa kuwa alihitaji mshahara, na pia, tuseme ukweli, kwa kuwa alikuwa na kichwa kigumu kama cha babake.

Ijumaa hiyo alihitaji kitu kikubwa kuliko mshahara. Kesho yake wanachama wangekutana kugawana ardhi ya ranchi, kila hisa na shamba lake. Atakayegawiwa ni yule tu ambaye jina lake na alama ya kidole chake vimo kwenye rejista itakayochapishwa saa kumi jioni. Hisa isiyo na kidole itarudi kwa ukoo wa mwenyewe. Hisa nambari mia moja na kumi na nane ilikuwa ya babake Dinah, aliyekufa bila mtoto wa kiume, na Dinah alikuwa na barua ya mahakama inayomfanya mrithi. Mwandawiro alikuwa na barua ya wazee wa ukoo inayosema binti aliyeolewa hana shamba kwao. Mbele ya hakimu barua hiyo isingefua dafu, lakini haikuhitaji kufika kwa hakimu. Ilihitaji tu saa kumi ifike kabla ya kidole cha Dinah.

Na kosa lilikuwa la Dinah mwenyewe. Wiki mbili nzima aliandikisha watu kwa mamia, kidole kwa kidole, na kila jioni alijiambia kwamba yeye atajiandikisha mwisho, watu wasije wakasema karani amejipakulia kwanza. Ndiyo adabu aliyolelewa nayo huko mlimani, kwa watu wake, kwamba mpakuzi hula baada ya wageni. Adabu ni kitu kizuri mpaka chungu kikauke. Jumanne mashine ya zamani ya vidole ikafa mikononi mwake. Walikuwa wamebaki watu ishirini na sita, na yeye wa ishirini na saba.

Mashine mpya ililetwa Ijumaa asubuhi na Firdaus, mwanamke mwenye duka la kompyuta karibu na msikiti. Ilikuwa kitu kidogo cheusi, kama kiberiti, chenye kioo cha kuwekea kidole. Dinah aliichomeka. Taa yake ikawaka kijani, na papo hapo kompyuta ikalia na kuandika kwa maandishi mekundu kwamba imekamata kitu hatari na kukitia karantini. Taa ikazima. Akachomoa, akachomeka tena. Safari hii ujumbe ulikuwa wa manjano, wa programu nyingine, ukisema kifaa kisichojulikana kimezuiwa. Mara ya tatu jumbe zote mbili zilikuja pamoja, moja juu ya mwenzake, na kompyuta ikaganda.

Walihangaika hivyo mpaka karibu saa sita. Wale ishirini na sita walikuwa wameshajaa ngazini, Mbololo wameegemea ukuta wa kushoto, Ronge wa kulia, wakisonya kwa zamu.

"Hebu nipishe," Firdaus alisema, akaketi kwenye kiti cha Dinah. Alibonyeza hapa na pale, kisha akageuka. "Dada Dinah, humu mmetia antivairasi ngapi?"

"Mbili."

"Mbili za nini?"

"Moja ya Mbololo, moja ya Ronge."

Firdaus alimkazia macho kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Mwaka uliopita, kompyuta iliponunuliwa, Mwandawiro alileta antivairasi ya kuilinda na virusi, akaifunga kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake. Sylus aliposikia akasema mlinzi wa Mbololo hawezi kulinda mali ya Ronge, akaleta ya kwake, nayo ikafungwa kwa neno lake. Tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa inajikokota. Barua ya ukurasa mmoja ilifunguka baada ya dakika nne.

"Wallahi sijapata kuona," Firdaus alisema. "Nyinyi mmefunga fahali wawili zizi moja. Kila mmoja amwona mwenziwe ndiye virusi, wachunguzana kutwa kucha, na akija mgeni mlangoni wote wawili wamrukia. Mashine yangu haina kosa. Programu ya kuiendesha ndiyo waliyoitia karantini. Watolewe wote wawili, mashine iingizwe upya, basi."

"Wakitoka, kompyuta itabaki wazi?"

"Haibaki wazi. Kuna antivairasi iliyokuja na kompyuta yenyewe, imelala kwa sababu ya hawa. Hawa wakitoka, ile yaamka yenyewe, na yawatosha, wala haina neno la siri la mzee yeyote. Lakini kuwatoa hawa wataka maneno ya siri ya wenyewe."

Dinah aliwapigia simu wenyewe. Walifika saa nane, kila mmoja akamngoja mwenzake atangulie kuingia, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa mwingine mgongo. Mwishowe waliingia pamoja, bega kwa bega, na mlango wa ofisi hiyo si mpana.

"Antivairasi yangu haina shida," Mwandawiro alisema kabla hajaketi. "Toa hiyo ya huyu mtu."

"Huyu mtu ana jina," Sylus alisema. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mpaka leo aliongea kama mtu aliyeshika chaki. "Na yako ndiyo ilianza kukamata mashine. Nimeambiwa iliandika kwa nyekundu."

"Nani amekuambia? Una watu wa kuchungulia kompyuta?"

"Zote mbili zimeikataa mashine, baba mdogo," Dinah alisema. "Zote zitoke."

"Wewe nani amekuuliza?"

"Wale watu wako ngazini ndio wananiuliza tangu asubuhi. Kumi na tatu wako, kumi na tatu wa mwalimu. Saa kumi ikifika bila vidole vyao, hayo mashamba yameenda. Utawaeleza wewe?"

Mwandawiro alimtazama kwa chuki isiyojificha. Hakuwahi kumsamehe kwa kwenda mahakamani, na hakuwahi kumsamehe zaidi kwa kushinda. Lakini kumi na tatu ni kumi na tatu. Alivuta kibodi akaamuru watu wote watazame ukuta. Firdaus alitazama ukuta. Dinah alitazama ukuta. Sylus alikataa mpaka Mwandawiro aape kwamba naye atautazama zamu yake ikifika. Kisha mzee akaanza kuandika neno lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayechambua maharagwe. Akakosea. Akakosea tena. Sylus, uso ukutani, akacheka.

"Hata neno la siri limemtoroka," alisema.

"Mwalimu, umefundisha miaka thelathini na hakuna hata mmoja wa darasa lako aliyefika mahali. Nyamaza."

Mara ya tatu neno likakubali. Ikawa zamu ya Sylus, na Sylus naye akakosea, na Mwandawiro akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Ilichukua karibu saa nzima kwa watu wazima wawili kuandika maneno mawili.

Walinzi wote wawili walipotoka, Firdaus alizima kompyuta, akaiwasha, akaingiza upya programu ya mashine. Kompyuta iliwaka upesi mpaka Dinah akashtuka. Pembeni ya kioo alama ndogo ilijitokeza kuonyesha kwamba ile antivairasi iliyokuwa imelala imeshika kazi. Wanawake wale wawili waliiona. Wanaume walikuwa wanabishana nani asimame upande upi wa meza. Mashine ilichomekwa, taa ikawaka kijani, na ikabaki kijani. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika tano.

"Nani wa kwanza?" Dinah aliuliza.

Aliyekuwa mbele upande wa Mbololo ni mama mmoja aitwaye Margaret, na Margaret alirudi nyuma hatua moja. "Mimi siwezi kuanza. Hiyo kitu ikiharibika tena watasema ni mimi nimeiharibu." Sylus naye alinyoosha mkono kuwazuia watu wake. Wakianza Ronge, alisema, kesho Mbololo watadai mashine ilifundishwa kukataa vidole vya Mbololo. Mwandawiro akasema hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya maana aliyoisikia kwa huyu mtu, na wake pia hawaanzi.

Wakasimama hivyo, watu ishirini na sita waliopiga foleni tangu asubuhi, na hakuna aliyetaka kuwa mbele. Dinah aliangalia saa. Hapo ndipo adabu ya mlimani ilipomwisha.

"Basi naanza mimi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini. "Hisa mia moja na kumi na nane. Barua ya mahakama hii hapa." Akaweka kidole chake kwenye kioo. Mashine ikalia mara moja, na jina lake likaingia kwenye rejista.

Mwandawiro alibadilika rangi. "Toa hiyo jina."

"Jina likishaingia halitoki, baba mdogo, mpaka kuwe na karatasi yenye sahihi zenu wote wawili. Sheria mlitunga wenyewe."

Ni kweli, walitunga wenyewe, kila mmoja akiogopa mwenzake atawafuta watu wake kinyemela. Katika miaka sita hawakuwahi kutia sahihi karatasi moja, hata ya kununua balbu. Dinah alijiona ameshavuka. Alimwita Margaret aje, na Margaret alikuwa ameshanyoosha kidole wakati Sylus aliposafisha koo.

"Kwa hili, mzee," Sylus alimwambia Mwandawiro, "mimi sina ubishi na wewe."

Margaret alirudisha kidole chake.

"Nina mabinti wanne," Sylus aliendelea. "Wote wameolewa, mmoja mpaka Kisii. Huyu akipita leo, kesho wangu wanakuja wote wanne, na mabwana zao nyuma, kila mmoja na tepu ya kupimia. Vijana wangu watabaki na nini? Leta hiyo karatasi."

Mwandawiro alimtazama kama mtu aliyemwona jirani kwa mara ya kwanza. Kisha akacheka, na Sylus akacheka. Mwandawiro alivuta chupa ya chai ya Mbololo, akammiminia mtu wa Ronge kikombe kimoja, akamuuliza kama anatumia sukari.

Dinah aliogopa. Chuki yao alikuwa ameizoea, alikuwa anafanya kazi ndani yake kama mtu anayepika ndani ya moshi. Urafiki wao hakuwa na dawa yake. Alikumbuka kwamba ni yeye aliyewaita, yeye aliyewaketisha meza moja, na hasira ilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Firdaus alikuwa ameinamia nyaya zake, hajui aangalie wapi.

Mwandawiro aliandika haraka: jina la hisa mia moja na kumi na nane lifutwe. Akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, akasukuma karatasi ng'ambo ya meza. Sylus alishika kalamu. Akaanza kupapasa mifuko akitafuta miwani.

"Mwalimu," Dinah alisema. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa, ya karani. "Ukimaliza hapo uniambie jambo moja. Zile antivairasi nimetoa mbili. Mbili hazikai pamoja, mmejionea. Narudisha moja. Nirudishe ya nani?"

Firdaus aliinua kichwa.

Sylus alikuwa ameshavaa miwani. "Yangu, bila shaka," alisema.

"Bila shaka ya nani?" Mwandawiro aliuliza, akitabasamu bado.

"Mzee, yako ndiyo ilikamata mashine kwanza. Hata mtoto wa nasari..."

"Yangu niliinunua. Yako ulipewa na kijana wako bure, na kitu cha bure tunajua kinafanya nini usiku. Nani atalinda rejista ya Mbololo? Kijana wako?"

"Kijana wangu hakuiba pampu ya kisima."

Kalamu ilikuwa bado hewani. Tabasamu la Mwandawiro lilikuwa limekwisha.

"Sema tena," alisema.

"Nasema pampu. Ya kisima. Ilitoka kwenye stoo yenye ufunguo wako na haikurudi."

Dinah hakungoja kusikia zaidi, pampu hiyo aliijua kwa moyo. Alimwashiria Margaret, Margaret akaweka kidole, mashine ikalia. Akaita wa Ronge, mashine ikalia. Wa Mbololo, wa Ronge, dakika moja na nusu kila mtu, na nyuma yake wazee walikuwa wametoka kwenye pampu wakaingia kwenye fahali aliyekufa, wakatoka kwa fahali wakaingia kwenye mazishi ya fulani ambapo watu wa Ronge hawakupewa viti. Watu waliokuwa foleni walianza kuitikia kutoka ngazini. Vidole vilikuja vikitetemeka kwa hasira, na Dinah alilazimika kuvishika na kuvituliza kwenye kioo.

"Chai yako chukua!" Sylus alisema wakati mmoja, na kikombe kikagonga meza.

"Na wewe leta karatasi yangu! Sahihi yangu haiwezi kukaa pamoja na ya mwizi." Mwandawiro aliinyakua karatasi kwa mkono wake mwenyewe, akaichana mara mbili, na vipande akavitia mfukoni ili Ronge wasije wakavitumia.

Firdaus alimsogelea Dinah kama anayerekebisha waya. "Lile swali hukuwa na haja nalo," alinong'ona. "Mlinzi yuko kazini tangu saa tisa. Uliona."

"Nilikuwa na haja nalo sana," Dinah alisema. "Anayefuata!"

Mtu wa ishirini na sita aliweka kidole saa kumi kasoro dakika nne. Saa kumi kamili Dinah alichapisha rejista, kurasa kumi na tisa, akazipiga muhuri moja moja. Mlio wa printa ndio uliowanyamazisha wazee. Sylus alitazama saa, akatazama karatasi, akaelewa nusu. Aliondoka akisema kesho mkutanoni watajuana. Watu wake walimfuata kwa kelele.

Mwandawiro alielewa yote. Alibaki amesimama upande wa pili wa meza mpaka ofisi ikawa na watu watatu tu, na alipoongea hakupaza sauti.

"Ulijua tutapigana."

"Nilijua."

"Umetugonganisha kama wajinga, mbele ya watu."

"Mlikuwa mnagongana kabla sijaajiriwa, baba mdogo. Leo nimeuliza swali tu."

Alitikisa kichwa polepole. Dinah aliona kwamba anatafuta neno la kumuumiza, na aliona pia alipolipata.

"Sawa. Ardhi umepata," Mwandawiro alisema. "Kaa nayo. Lakini ukoo umeupoteza leo, na mumeo si mtu wa huku. Siku ukifa, Dinah, watu wa kukuzika utawatoa wapi?"

Neno hilo halisemwi ovyo. Hata Firdaus, ambaye si wa ukoo huo wala si wa mlima huo, alisema astaghfirullah chini kwa chini. Dinah aliweka mikono yote miwili juu ya rejista.

"Watu wa kuzika hawakosekani, baba mdogo," alisema. "Baba alipokufa mlikuja themanini. Nilihesabu sahani. Miezi minane aliyolala hospitali, nikimgeuza na kumwosha, nilikuwa nahesabu vilevile, na hesabu haikupita mtu mmoja, mimi mwenyewe."

Mwandawiro alivaa kofia yake akashuka ngazi, na chupa yake ya chai akaisahau mezani. Firdaus alikunja waya uliobaki akauliza kwa upole kama amsubiri. Dinah alisema hapana, atangulie tu. Alichukua ukurasa wenye mia moja na kumi na nane, akaubandika mlangoni pamoja na kurasa nyingine, kisha akaketi chini kwenye sakafu ya ofisi na kulia, kwa mara ya kwanza tangu amzike babake.